Mji wa chuo uliokataa kufa

Mtajie mwananchi wa kawaida habari za kuboresha mji na jambo la kwanza litakalomjia akilini ni tingatinga. Atakumbuka vibanda vilivyobomolewa usiku wa manane, mama mboga akiokota mabati yaliyopindika, na uzio mpya uliozungushiwa kiwanja ambacho hakuna ajuaye kitajengwa nini. Kwa wengi wetu mji huboreshwa na wakubwa, kwa amri, na anayeumia ni yule aliyekuwa akiuza pale.

Je, wenye maduka, wapangaji, walimu na wanafunzi wanaweza kuuboresha mji wao wenyewe, bila kubomoa na bila kukaa wakingoja serikali? Swali hili lina uzito hasa katika miji midogo iliyoota kando ya vyuo, mathalani Njoro, Maseno au Juja, ambako chuo kikifungwa kwa likizo hata mwenye kibanda cha chipsi huliweka karai lake chini.

Basi msomaji, twende Galesburg. Huu ni mji mdogo katika jimbo la Illinois, Marekani, ambao hesabu ya watu ya mwaka 2020 iliukuta na wakaaji wapatao 30,000. Kwa Mkenya jina hilo huenda si geni kabisa. Mnamo Julai 27, 2004, Barack Obama, ambaye babake alitoka Kogelo kule Siaya, alihutubia mkutano wa chama cha Democratic mjini Boston. Hiyo ndiyo hotuba iliyomfanya ajulikane kote Marekani. Ndani yake aliwataja wafanyakazi aliokutana nao Galesburg ambao kiwanda chao kilikuwa kikihamia Mexico. Habari za kiwanda hicho tutazirudia, kwa maana ndicho kilichoupima mji huu kwelikweli.

Pacha wawili

Galesburg na chuo chake walizaliwa pamoja mwaka 1837. Kasisi mmoja wa Kipresbiteri, George Washington Gale, alitaka kujenga chuo lakini hakuwa na fedha. Mpango wake ulikuwa wa werevu: yeye na wenzake wangenunua ardhi kwa bei ya chini, kisha wawauzie walowezi kwa bei ya juu kidogo, na faida ijenge chuo. Hivyo ndivyo kilivyopatikana Chuo cha Knox, na hivyo ndivyo mji ulivyopata watu wake wa kwanza.

Walowezi hao walikuwa wapinzani wakali wa biashara ya utumwa, na watumwa waliotoroka walipata hifadhi mjini humo. Mwaka 1870 kijana wa Kiafrika kutoka Sierra Leone, Barnabas Root, alihitimu katika Chuo cha Knox, wakati ambapo vyuo vingi vya nchi hiyo havikutaka hata kumwona mtu mweusi mlangoni. Kabla ya hapo, Oktoba 7, 1858, Abraham Lincoln na mpinzani wake Stephen Douglas walijibizana mbele ya umati nje ya jengo kuu la chuo hicho. Inasimuliwa kwamba jukwaa lilikuwa limeuziba mlango, ikabidi wasemaji watokee dirishani, na Lincoln, ambaye hakusoma sana, akafanya mzaha kwamba hatimaye naye amepitia chuoni. Jengo hilo lingali limesimama.

Reli ilifika mwaka 1854, na kwa miaka mia moja hivi Galesburg ulikuwa mji wa garimoshi, wa viwanda na wa chuo. Ungetaka suti, dawa, saa au jembe, ungekwenda Main Street, barabara ya katikati mwa mji iliyopangwa maduka ya matofali mekundu pande zote mbili. Kufikia 1960 mji ulikuwa na watu zaidi ya 37,000.

Magari yalipouvuta mji

Mwaka 1956 serikali ya Rais Eisenhower ilipitisha sheria ya kujenga barabara kuu za kuvuka nchi nzima. Familia zilizokuwa zikitembea kwa miguu au kupanda basi zikanunua magari, zikahamia pembezoni mwa miji, na biashara zikazifuata huko huko. Huko Galesburg jumba kubwa la maduka lilifunguliwa pembeni mwa mji katikati ya miaka ya 1970, lina paa moja, lina joto wakati wa theluji na lina maegesho ya bure. Lilipewa jina la mshairi Carl Sandburg, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1878. Mtu huwezi kujizuia kutabasamu: jumba lililokuja kufyonza damu ya mji wa kale likavalishwa jina la mwana wa mji huo huo.

Hebu fikiria wewe ndiwe mwenye duka la viatu pale Main Street. Wateja wako wanapungua. Jirani yako mkono wa kulia amefunga na kuhama, na dirisha lake limebandikwa makaratasi. Mteja anayepita hapo jioni anaona giza, basi kesho hapiti tena. Nawe unafunga saa kumi na moja jioni, ilhali kule kwenye jumba jipya taa zinawaka hadi usiku. Mwenye jengo unalopanga haoni sababu ya kulipaka rangi, maana kodi yenyewe inapatikana kwa shida. Benki nayo haikopeshi mtu wa mtaa unaokufa. Kila mmoja anafanya jambo la busara kwa upande wake, na wote kwa pamoja wanaumaliza mji.

Marekani ilijaribu dawa kadhaa kwa ugonjwa huu, na nyingine zilikuwa kali kuliko ugonjwa wenyewe. Ya kwanza ilikuwa tingatinga. Chini ya sheria ya makao ya mwaka 1949, fedha za serikali kuu zilitumika kununua na kubomoa mitaa mizima iliyoitwa mibovu. Viwanja vingi vilivyobaki vikawa maegesho ya magari, na wakaaji maskini, wengi wao weusi, wakatawanywa.

Ya pili ilikuwa kufunga barabara ili wateja watembee kwa miguu kama ndani ya jumba la maduka. Mji wa Kalamazoo, Michigan, ambao pia una chuo kikuu, ulifanya hivyo mwaka 1959 na kusifiwa kote nchini. Miji mingi ikaiga. Nyingi kati ya barabara hizo ziligeuka kuwa mapito matupu yenye maua yasiyotazamwa na mtu, na Kalamazoo wenyewe ulirudisha magari kwenye sehemu ya barabara yake mwaka 1998.

Ya tatu ilifanywa na wenye maduka wenyewe, maskini, kwa nia njema. Walifunika matofali ya kale na madirisha ya juu kwa mabati ya alumini ili maduka yao yafanane na yale mapya. Walitumia fedha nyingi kuficha kitu pekee ambacho jumba la pembeni halikuwa nacho.

Jaribio la miji mitatu

Mwaka 1977 shirika moja lisilo la serikali linalohifadhi majengo ya kale, National Trust for Historic Preservation, lilianzisha jaribio kupitia ofisi yake ya Chicago iliyoongozwa na mama aitwaye Mary Means. Yeye na wenzake walikuwa wamechoka kuokoa jengo moja hapa na jingine pale huku barabara nzima ikifa. Walitaka kujua kama katikati mwa mji mdogo panaweza kufufuliwa kwa kuyatumia majengo yale yale ya kale. Miji kadhaa iliomba kushirikishwa, na mitatu ikachaguliwa: Madison katika jimbo la Indiana, Hot Springs katika jimbo la South Dakota, na Galesburg.

Jambo la ajabu ni jinsi jaribio lenyewe lilivyokuwa dogo. Hakukuwa na mabilioni. Kila mji ulipata msimamizi mmoja wa kulipwa, kazi yake ikiwa katikati mwa mji tu kuanzia asubuhi hadi jioni. Jumba la maduka lina meneja anayejua nani amelipa kodi, taa ipi imeungua na sikukuu ijayo itapambwa vipi. Barabara ya mji ina wenye majengo hamsini na hakuna yeyote anayeitazama yote. Msimamizi ndiye aliyepewa kuitazama yote.

Kazi iligawanywa kwa kamati za watu wanaojitolea: muuza dawa, mwalimu, mke wa mwenye benki, fundi, kijana wa chuo. Mfumo uliotokana na miaka mitatu ya jaribio hilo unatumika hadi leo na una mambo manne yanayokwenda sambamba, yaani watu kujipanga, kuutangaza mji, kutengeneza sura ya majengo na kuimarisha biashara zenyewe. Waanzilishi walisisitiza kwamba ukishika moja na kuacha mengine umepoteza wakati. Mji ukipaka rangi bila kutafuta wateja utakuwa na magofu maridadi. Ukifanya tamasha kila mwezi na madirisha yamevunjika, watu watakuja kucheza ngoma na kununua kwingine.

Lakini mimi naona sura ya majengo ndiyo iliyotangulia kuwashawishi wenye shaka, kwa sababu ilionekana kwa macho. Hivi ndivyo inavyokwenda. Msimamizi anamwendea mwenye jengo, hamwambii kwamba jengo lake ni bovu. Anamletea mchoro wa bure: jengo lako likitolewa mabati, likioshwa matofali bila kuparuzwa kwa mchanga, likipakwa rangi mbao za dirisha na kuwekewa kibao kidogo kinachosomeka na mtu anayetembea badala ya kile kikubwa cha mtu aliye garini, litakuwa hivi. Gharama ni hii. Benki za mji zimekubaliana kutoa mikopo ya riba nafuu. Mwenye jengo anakuna kichwa, anauliza mkewe, anakubali. Mabati yanashuka na nyuma yake kunaonekana nakshi za matofali ambazo vijana wa mji hawajapata kuziona maishani mwao. Watu wanasimama kutazama. Baada ya miezi michache jirani naye anauliza mchoro wake uko wapi.

Mbinu hii ina adabu ambayo mipango yetu mingi imeikosa. Haimwondoi mtu ili kupamba mahali, bali inaanza na yule aliyepo.

Upande wa biashara ulihitaji ujasiri zaidi. Ilibidi wenye maduka wakubali kwamba hawatashindana tena na jumba la pembeni kwa kuuza vitu vile vile kwa bei ya chini. Hapo walikuwa wameshindwa. Ilibidi watafute kile ambacho jumba haliwezi kutoa, kama vile mkahawa wenye upishi wake, duka la vitabu, fundi wa saa anayekujua kwa jina, vitu vya kale, mkate uliookwa hapo hapo. Na zile ghorofa za juu, zilizokuwa ghala la masanduku matupu na popo, zikifanywa nyumba za kupanga huwapa wenye maduka wateja wanaolala juu ya vichwa vyao.

Kwa hesabu za wenye mradi, jaribio lilipokamilika mwaka 1980 asilimia 95 ya nafasi za maduka katikati mwa Galesburg zilikuwa na wapangaji. Kwa kila dola 1 iliyotumiwa kusimamia kazi hiyo katika miji mitatu, watu binafsi walikuwa wametia dola 11 katika majengo na biashara. Mwaka huo huo shirika likaanzisha kituo cha kufundisha mbinu hii nchi nzima, na tangu hapo zaidi ya miji na mitaa 2,000 ya Marekani imeijaribu.

Tofauti na harambee yetu ni moja. Harambee hukusanya fedha siku moja kwa jengo moja, mgeni wa heshima akitajwa kwa mchango wake. Hawa walichanga kila mwaka kulipa mshahara wa mtu mmoja na kununua rangi na taa. Baraza la mji hutoa kiasi, wenye biashara hutoa kiasi, na katika majimbo mengine sheria inawaruhusu wenye majengo wa eneo fulani kutozwa ada ya ziada ambayo lazima itumike katika eneo hilo hilo. Hakuna atakayeandikwa jina kwenye jiwe la msingi, na huenda ndiyo sababu kazi hudumu.

Mwanafunzi ana faida gani?

Wengine watasema mwanafunzi hana fedha, basi mji usimtegemee. Wanasahau kwamba mwanafunzi anatembea. Mtu anayetembea huingia dukani bila kupanga, na mtaa wenye watu jioni huonekana salama, kwa hiyo huwaleta wengine. Si ajabu kwamba kati ya barabara chache zilizofungwa magari na zikafanikiwa, mbili zinazotajwa sana ziko katika miji ya vyuo vikuu: Pearl Street mjini Boulder, Colorado, iliyofunguliwa 1977, na Church Street mjini Burlington, Vermont, iliyofunguliwa 1981. Kilichoikausha miji mingine kiliinawirisha miji hiyo, kwa kuwa kulikuwa na maelfu ya vijana wa kuijaza.

Knox si chuo kikubwa namna hiyo. Wanafunzi wake ni kama 1,100, na wanapokwenda likizo mji unalihisi pengo. Ndiyo maana Galesburg haukuweza kumwachia mwanafunzi peke yake mzigo huu. Uliufungua mlango wa stesheni pia. Kila Juni kuna siku za kusherehekea reli, ambapo wageni huja kutazama vichwa vya garimoshi na kula mitaani. Ukumbi wa Orpheum, uliofunguliwa 1916, haukubomolewa biashara yake ya zamani ilipokwisha, bali ulikarabatiwa na leo ni mahali pa muziki na michezo ya kuigiza.

Kando ya stesheni kuna Mtaa wa Seminary. Hapo wenyeji wachache walianza katika miaka ya 1970 kununua majengo ya karne ya 19 ambayo wengine waliyaona mzigo, wakayatengeneza moja baada ya jingine na kuyapangisha kwa mikahawa na maduka madogo. Hawakuharakisha. Ni mtaa ambao mgeni hupelekwa kwanza.

Siku ya mtihani

Ndipo mwaka 2002 kampuni ya Maytag ikatangaza kwamba itakifunga kiwanda chake cha majokofu mjini humo. Kilifungwa Septemba 2004. Kazi zipatazo 1,600 zilikwenda, nyingi zikiwa za mishahara ya kutosha kulea familia na kumsomesha mtoto. Mtu asidanganywe kwamba taa mpya na matofali yaliyooshwa vingeweza kuzuia hilo. Hakuna kamati ya mtaa inayoweza kuizuia kampuni isivuke mpaka kutafuta vibarua wa bei nafuu, na familia nyingi za Galesburg hazijapata tena mapato waliyokuwa nayo. Obama alirejea kuzungumza na wahitimu wa Knox mwaka 2005 na tena, akiwa Rais, mnamo Julai 2013, na mara zote mbili habari ilikuwa ile ile, ya kazi zilizokwenda na kile kinachoweza kuchukua nafasi yake.

Wanaoibeza mbinu hii hutaja kiwanda hicho kama ushahidi kwamba yote yalikuwa mapambo. Mimi naona wanadai dawa ya jino iponye mguu. Swali la haki ni nini kilichobaki mjini siku kiwanda kilipoondoka. Jumba la maduka la pembeni, lile lenye paa moja na maegesho ya bure, halikuhimili: maduka yake makubwa yaliondoka moja baada ya jingine hadi likafunga milango. Lilikuwa la mwenyewe mmoja aliyekaa mbali, na faida ilipokwisha hakuna aliyekuwa na sababu ya kulipigania. Main Street nayo ina madirisha matupu hadi leo, tena si haba. Lakini ina wenye majengo wengi, kila mmoja akishikilia kipande chake, na duka moja likifungwa jengo linamngoja mwingine mwenye wazo na akiba ndogo.

Kuna lawama nyingine iliyo nzito zaidi, nayo inawahusu wapangaji. Mtaa ukipendeza kodi hupanda, na fundi viatu aliyevumilia miaka ya giza anaweza kusukumwa nje na mkahawa wa wageni. Katika miji tajiri kama Boulder jambo hili limetokea na linaendelea kulalamikiwa. Galesburg haujafika huko kwa sababu bado ni mji wa kodi nafuu. Yeyote atakayejaribu mbinu hii mahali ambapo ardhi inapanda bei kila mwaka, kama kando ya Barabara Kuu ya Thika, aanze na mkataba wa mpangaji kabla ya ndoo ya rangi.

Kwa mwanafunzi Mkenya atakayejikuta Chicago na mwisho wa juma wa kupumzika, Galesburg ni mwendo wa kama saa mbili unusu hadi tatu kwa garimoshi la Amtrak. Stesheni iko Mtaa wa Seminary wenyewe, kwa hiyo hahitaji teksi. Atembee mtaa huo hadi Main Street akiinua macho, kwa maana nakshi nzuri ziko juu ya ghorofa ya kwanza, kisha ateremke upande wa kusini hadi Knox akalitazame dirisha la Lincoln. Avae koti zito ikiwa ni kati ya Desemba na Machi.